Nani Kasema Ukocha Si Ualimu?

Mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya chuo kimoja cha ualimu, si mbali sana na mji wa Moshi. Jina la chuo naliacha, maana si desturi yangu kuichoma nyumba niliyolala. Tuliketishwa meza kuu sisi wazee, tukapewa soda na karanga, tukasikiliza hotuba. Akasimama msemaji mmoja, kijana msomi wa umri wa mwanangu wa mwisho, akazungumzia upungufu wa wakufunzi. Alisema chuo kina wakufunzi wawili tu wa hisabati, ilhali kina "watu wa filimbi" wawili vilevile, na kwamba wakati umefika watu wa filimbi wapewe kazi ya kweli. Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikageuza uso upande wa uwanjani, pale penye nguzo za netiboli zilizoliwa na kutu, na kicheko kikanikauka.

Makala haya ni jibu langu kwa kijana yule. Msomaji atauliza, mbona hukumjibu palepale, ewe mzee? Nilikuwa mgeni, na mgeni hapandi meza. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya aibu. Nitaifikia.

Kwanza nieleze habari za mwanamke mmoja. Yu hai, anaishi kwenye kihamba cha ukoo wa mumewe huko juu mlimani, na hakunipa ruhusa ya kumtaja jina. Nilipomwomba alicheka, akasema, "Mkuu, ukiniandika kitabuni watu watadhani nimeshakufa." Basi nitamwita kama wanachuo walivyomwita nyuma ya mgongo wake, Mama Filimbi. Alijua kwamba wanamwita hivyo, na hakujali.

Alifika chuoni mwaka 1981, akiwa mkufunzi wa Elimu ya Viungo na Kiswahili. Mimi nilikabidhiwa chuo hicho mwaka 1990 nikakiongoza hadi nilipostaafu mwaka 2008, kwa hiyo nilimwona kazini miaka kumi na minane. Waliowahi kukaa kwenye mitelemko ya Kilimanjaro mwezi wa Juni na Julai wanaijua baridi yetu, ukungu umelala juu ya migomba hadi saa nne na manyunyu hayakatiki. Katika hali hiyo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, utasikia filimbi. Ndiye huyo. Wasichana ishirini wamevaa sweta juu ya sketi za michezo, wanazunguka uwanja wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Chokaa ilikuwa ghali, kwa hiyo mistari alichora kwa majivu ya jikoni. Mipira ilikuwa miwili, na mmoja wao ulishonwa na fundi viatu wa sokoni Moshi mara nyingi hata ukawa na umbo la boga. Pete zilichomelewa na fundi wa Majengo kutokana na nondo zilizobaki kwenye ujenzi wa bweni.

Mwaka 1992 alinijia ofisini na ombi. Alitaka kufundisha wasichana mpira wa kikapu. Alikwisha kupata mbao za masanduku, na alitaka ruhusa tu ya kuzipigilia nyuma ya pete. Nililipeleka jambo hilo mbele ya wazee wa bodi, na hapo nilisikia mambo ambayo sijayasahau. Mmoja alisema kikapu ni mchezo wa wanaume. Mwingine, mcha Mungu sana, alisema kurukaruka kule hakumfai mwanamke atakayekuwa mama wa watoto. Wa tatu alisema netiboli ndiyo mila yetu. Mila yetu! Nilinyamaza, maana sikujua historia. Leo naijua, nami nitaieleza, kwa sababu ndani yake mna jibu la kijana wa mahafali pia.

Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, na mwalimu mmoja Mkanada aitwaye James Naismith. Angalia alibuni wapi: katika shule ya kuwafunza walimu na viongozi wa YMCA, ile YMCA ambayo jengo lake sisi watu wa Moshi tunalipita kila siku pale kwenye mzunguko bila kuwaza lolote. Mkuu wake alimpa darasa la watu wazima watundu waliochoka na mazoezi ya viungo wakati wa baridi, akamwagiza awatafutie mchezo wa ndani. Naismith akaangika vikapu viwili vya kutilia mapichi, tunda lile tunaloletewa kutoka Lushoto, akaandika kanuni kumi na tatu. Ilikuwa kazi ya mwalimu aliyekuwa na darasa gumu, wala si zaidi ya hapo.

Haukupita muda. Mwaka 1892 Senda Berenson, mwalimu wa viungo katika chuo cha wanawake cha Smith, jirani na Springfield, aliusoma mchezo huo akawafundisha wasichana wake. Aliugawa uwanja sehemu tatu, akakataza kunyang'anyana mpira. Machi 1893 madarasa mawili ya chuo hicho yalicheza, na wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Kwa hiyo wale wazee wa bodi waliosema kikapu ni cha wanaume walichelewa karibu miaka mia moja. Wanawake walianza kuucheza kabla Wajerumani hawajamaliza vita vyao na Mangi Meli hapa Old Moshi.

Na netiboli, "mila yetu"? Ni mtoto wa mpira wa kikapu. Mwanamke wa Kiswidi, Martina Bergman-Österberg, alikuwa na chuo Uingereza cha kufundisha wanawake kuwa walimu wa viungo. Mgeni kutoka Marekani aliwaonyesha wanachuo wake mpira wa kikapu mwaka 1893. Wakautoa nje kwenye majani, ubao wakauondoa, vikapu vikageuka pete, na mwaka 1901 kanuni zikachapwa. Wahitimu wake wakaubeba mchezo huo mashuleni, na walimu na wamisionari wakaueneza katika makoloni hadi ukafika kwenye viwanja vya shule zetu za wasichana. Netiboli basi ilizaliwa katika chuo cha ualimu, tena cha wanawake. Kijana wangu wa mahafali anayesema michezo ni kitu kimoja na ualimu ni kingine amemtenga mtoto na mama yake.

Niongeze neno dogo juu ya vipimo, maana mimi ni mtu wa hesabu. Pete ya kikapu na pete ya netiboli zote ziko mita 3.05 kutoka ardhini. Lakini pete ya kikapu ina upana wa sentimita 45 na nusu hivi, na nyuma yake mna ubao wa kuusaidia mpira. Pete ya netiboli ina sentimita 38, na ubao hakuna. Mchezo "mwepesi" wa wasichana ndio wenye tundu dogo.

Mbao zilipigiliwa hatimaye, bila idhini ya bodi. Nilimwambia Mama Filimbi, "Mwalimu, mimi sikuona." Akajibu, "Asante Mkuu, na mimi sikusema." Huo ndio ushujaa pekee niliouonyesha katika habari hii yote, na msomaji anaweza kuupima mwenyewe.

Sasa niseme alichokuwa akifundisha, kwa kuwa watu hudhani kocha hupiga filimbi na kupaza sauti tu. Wanachuo wetu wengi walikuwa mabinti wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, waliotoka vijijini, wamezoea kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa. Utampeleka binti huyo kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la watoto tisini, naye sauti haitoki. Nimekagua vipindi vya namna hiyo, msichana anauzungumzia ubao. Lakini yule aliyecheza katikati ya uwanja kwa Mama Filimbi, aliyelazimika kuwaita wenzake sita kwa majina huku mvua ikimpiga, huyo alisimama mbele ya darasa akalitazama. Tena alijua kupanga, maana kila juma mchezaji mmoja aliandaa mazoezi ya siku moja na kuyaongoza, na Mama Filimbi aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu kama andalio la somo. Aliyeanguka mtihani wa majaribio hakusafiri na timu, hata awe mfungaji hodari kuliko wote. Mwaka mmoja tulikwenda mashindano ya kanda bila mfungaji wetu kwa sababu ya somo la hesabu. Tulishindwa vibaya. Wanachuo walinuna juma zima, nami mwenyewe, nikiri, nilinuna.

Alikuwa na daftari gumu lenye jalada jeusi. Ndani yake kila mchezaji aliandikwa jina, kijiji, mwaka, alama zake, shule aliyopangiwa, na baadaye mambo mengine: ameolewa, amekuwa mwalimu mkuu Same, amefariki, ana timu yake Rombo. Sisi ofisini tulikuwa na makabati ya mafaili, lakini nilipotaka kujua mhitimu fulani yuko wapi nilimtuma karani kwa Mama Filimbi.

Hapa ndipo ninapoifikia aibu niliyoahidi.

Siku hizo kila mwaka mkuu wa chuo alijaza taarifa ya siri juu ya kila mkufunzi. Mwenyewe haioni. Mwaka 1994 zamu ya Mama Filimbi kufikiriwa kupandishwa daraja ilifika. Nilikaa na fomu yake usiku, taa ya chemli mezani kwa kuwa umeme ulikatika, na penye nafasi ya maoni niliandika sentensi moja. Naikumbuka kwa herufi zake. "Anafaa, ila muda wake mwingi huutumia uwanjani." Basi. Sikuandika kwa chuki. Nilidhani nasema ukweli, hata nilijiona mkarimu kwa kutanguliza neno "anafaa". Hakupandishwa. Mwaka 1997 wakubwa wakaisoma tena taarifa ya kwanza, hakupandishwa. Wakufunzi wanaume wawili waliofika chuoni nyuma yake, wenye vipindi vichache kuliko vyake, walimpita ngazi. Alipokuja kupanda, muda wake wa kustaafu ulikuwa karibu.

Watu hudhani kutopandishwa daraja ni jambo la heshima tu, la kuumiza moyo kisha likapita. La hasha! Pensheni wakati ule ilihesabiwa kwa mshahara wa mwisho. Sentensi yangu ile inamkata Mama Filimbi fedha kila mwezi, mpaka leo, na itamkata mpaka atakapozikwa. Kiinua mgongo chake kilikuwa pungufu kwa sababu hiyo hiyo. Nilipiga hesabu siku moja kwenye karatasi, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, wala sikumwonyesha mke wangu.

Kwa hiyo ninapomjibu kijana yule namjibu mtu ninayemfahamu sana. Miaka thelathini iliyopita alikuwa mimi.

Tuvuke bahari kidogo. Mama Filimbi alizaliwa mwaka 1952. Mwaka huo huo, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, alizaliwa mtoto wa mkulima aliyeitwa Pat, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Pat Summitt. Alikua akikama ng'ombe na kulima tumbaku, akicheza kikapu na kaka zake kwenye dari ya ghala la majani makavu. Shule ya kwao haikuwa na timu ya wasichana, baba yake akaihamisha familia nzima ili binti acheze. (Wababa wa Kichagga, mnasoma?) Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Aliendesha gari la timu mwenyewe, alifua jezi mwenyewe, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha za kuuza maandazi. Hapo nilipolisoma jambo hili niliweka miwani chini. Mama Filimbi alinunua jezi za kwanza kwa kuuza ndizi.

Pat Summitt aliifundisha timu ile miaka 38. Alishinda michezo 1,098 na ubingwa wa vyuo vya Marekani mara nane, wa kwanza mwaka 1987 na wa mwisho 2008. Aliwapeleka wasichana wa Marekani kwenye medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984. Wachezaji wake waliagizwa kukaa safu tatu za mbele darasani na hawakuruhusiwa kukosa kipindi bila sababu, na kila aliyemaliza muda wake wote wa kuchezea timu ile alipata digrii. Mwaka 2011 alitangaza kwamba amepatwa na ugonjwa wa kusahau, akafundisha msimu mmoja zaidi, akaachia filimbi 2012, akafariki Juni 2016 akiwa na miaka 64. Alipopendekezewa kufundisha timu ya wanaume alikataa, kwa kuwa hakuona kwa nini huko kuhesabiwe kuwa ni kupanda.

Mama Filimbi naye alistaafu mwaka 2012. Sisemi kwamba alikuwa Pat Summitt. Hakushinda michezo elfu moja, hata mia sidhani. Nasema mwaka 1974 ungewaweka wote wawili pamoja, kila mmoja na mpira wake wa kuungaunga na beseni la jezi chafu, usingeweza kuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni sheria na watu waliokaa ofisini. Juni 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Kwa sheria hiyo kazi ya kufundisha timu ya wasichana ikaanza kuwa kazi, yenye ngazi na mshahara. Leo mwanamke mweusi, Dawn Staley, kocha wa wanawake wa South Carolina na bingwa wa mwaka 2017, 2022 na 2024, amesaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 25. Wengine watasema hizo ni anasa za matajiri. Sikubali kwamba kuandika ukweli kwenye fomu ni anasa ya matajiri.

Tukumbuke mwaka 2009. Nchi yetu yote ilijaa furaha, kijana wetu Hasheem Thabeet amechaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi kuu ya Marekani, akitokea Chuo Kikuu cha Connecticut kwenda Memphis. Redio ziliimba, nami niliimba. Lakini nani kati yetu alijua kwamba msimu ule ule, katika chuo kile kile, timu ya wanaume aliyoichezea Thabeet ilitolewa nusu fainali, na timu ya wanawake ikatwaa ubingwa kwa kushinda michezo yote 39? Au kwamba Februari ya mwaka ule, katika jimbo hilohilo la Tennessee lenye Memphis, Pat Summitt alipata ushindi wake wa elfu moja, ambao kocha yeyote wa kikapu wa daraja la juu la vyuo, mwanamume au mwanamke, hajawahi kuufikia kabla yake? Gazeti gani lilituambia? Na sisi ndio taifa ambalo medali yake ya kwanza ya kimataifa ililetwa na mwanamke, Theresia Dismas, aliyerusha mkuki Brazzaville mwaka 1965 akapata fedha.

Haki inanidai niseme na lililo baya huko Marekani, maana si kila cha wenzetu ni cha kuigwa. Kabla ya sheria ile ya 1972, zaidi ya timu tisa katika kila kumi za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, wanaume wakaingia nazo, na kwa miaka mingi sasa wanawake makocha hawafiki nusu. Wapo wanaume waliofanya kazi njema, sibishi. Huyo wa Connecticut, Geno Auriemma, ana ubingwa mara 12 hadi 2025. Lakini ule mtiririko naufahamu, niliuona kwa macho yangu hapa mlimani. Kwa miaka kumi na zaidi hakuna mkufunzi mwanamume aliyetaka kusimama kwenye ukungu wa alfajiri na timu ya wasichana. Siku ilipotangazwa kwamba atakayeambatana na timu kwenye mashindano ya kanda atalipwa posho ya kujikimu, walinijia watano kwa siku moja, mmoja wao na vyeti vya ukocha ambavyo hatukuwahi kuambiwa anavyo. Nilimpa safari mmoja wao. Mama Filimbi alikwenda kama "mlezi", kwa nusu ya posho, akiifundisha timu kutoka kwenye benchi kwa ishara za mikono.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza ni kwamba mtaala umejaa, hakuna nafasi. Wimbo huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa nchini, ili watoto wasome. Yalirudishwa baada ya miaka kadhaa. Nilikuwa kazini, nami nashuhudia kwamba muda ule uliookolewa sikuona ulikokwenda. Walimu wa michezo walipangiwa vipindi vya masomo wasiyoyajua, viwanja vikalimwa mahindi, na mengi ya yaliyoharibiwa miaka ile hayajarudi.

La pili ni kwamba michezo ya wanawake haina soko wala sifa. Mwaka 2023 Kombe la Dunia la netiboli lilichezwa Cape Town, mara ya kwanza katika Afrika. Uganda ilimaliza nafasi ya tano duniani. Malawi, nchi ndogo isiyo na utajiri wowote kutushinda, ilikuwa ya saba. Sisi hatukuwepo. Waganda hawakuzaliwa na mikono mirefu kuliko ya mabinti wa Rombo na Machame.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mama mwenye watoto wake nyumbani hana nafasi ya kukimbizana na mpira. Hilo wamuulize Mama Filimbi, aliyeleta watoto wake wanne uwanjani mmoja baada ya mwingine, mdogo amefungwa kanga mgongoni kwa mpishi wa chuo, mkubwa anaokota mipira. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kama nina nafasi ya kuongoza chuo, ilhali nilikuwa na sita.

Jambo moja linaniudhi kuliko yote. Kila mwaka, tangu 2003, mji wetu hujaa wageni waliokuja kwenye mbio za Kilimanjaro. Hoteli zinajaa, viongozi wanavaa fulana na raba, kila anayepata kipaza sauti anasema michezo ni afya, ni ajira, ni elimu. Juma linalofuata fulana zinakunjwa, na mwalimu wa michezo anarudi kuwa mtu wa filimbi. Mkoa huu unawakumbuka walimu wake wanawake unapotaka. Taja Weruweru, na hata mtoto wa juzi atakutajia Mama Maria Kamm, kwa haki kabisa. Basi nitajie mwanamke mmoja aliyefundisha timu katika mkoa huu kwa miaka thelathini. Huwezi. Nami ninayeweza nimenyimwa ruhusa!

Baada ya mahafali yale nilipanda kwenda kumwona. Nilimkuta kwenye migomba, anatembea na fimbo, goti la kulia limekataa. Alinipa shikamoo kama zamani, tukaingia ndani, akaniletea mtori. Nilimweleza kilichosemwa mezani, akatabasamu. Kisha nikamweleza habari ya sentensi yangu ya mwaka 1994. Nilikuwa nimeibeba miaka thelathini, nikaitoa yote kwa pumzi moja, na baada ya hapo mkono wangu ulitetemeka hata nikaweka bakuli chini.

Alikaa kimya kitambo. Akauliza, "Uliandika 'anafaa'?"

"Niliandika."

"Sikujua kama uliandika hata hilo." Akainuka kwa taabu, akaleta daftari lile jeusi, akaanza kunionyesha nani yuko wapi. Hatukuzungumza tena juu ya fomu. Nilipoaga aliniuliza kama ni kweli uwanja unataka kugeuzwa maegesho ya magari, kama alivyosikia kwa watu. Nikamwambia sijui, nitauliza. Nimeuliza. Ni kweli kwamba mpango huo upo.

Nimeandika barua mbili kwa wahusika. Ya kwanza ni juu ya uwanja. Ya pili inaeleza kwamba taarifa niliyoijaza mwaka 1994 juu ya mkufunzi fulani haikuwa ya haki, kwamba muda ule wa uwanjani ndio uliokuwa kazi yake, na kwamba naomba mafao yake yatazamwe upya kama sheria inaruhusu. Rafiki yangu mwanasheria anasema sheria hairuhusu, muda umepita mno. Sijajibiwa yote mawili. Juma hili naandika ya tatu, na humo nitaambatisha majina kutoka daftari jeusi, mwaka kwa mwaka, na shule walizofundisha. Nakala moja nitampandishia mwenyewe kihambani, maana mara ile ya kwanza nilipoandika juu yake hakuonyeshwa.